Wanja Juu ya Ufito

Jumatano wanawake wa Ibra wana soko lao.
Shinuna kaenda kutafuta nyuzi za kofia,
nami nimeiba wanja wake.

Usinicheke. Kazi yenyewe ni hii:
kitambaa kinachobana mwishoni mwa ufito wa chuma,
unausukuma ndani ya mtutu taratibu,
nao ufito, bila kuamrishwa, unageuka mkononi
kama mtu usingizini anayetafuta upande wa baridi wa mto.
Unatia doa la wanja juu. Doa linazunguka.
Likirudi juu tena, unapima ulivyozama.

Inchi kumi na nne.
Nikapima tena. Kumi na nne.

Miaka sita naitukana bunduki hii
ya marehemu kaka yangu Sleyum,
saba nukta sita mbili, kitako kilipasuka kikaungwa.
Kiangazi, hewa ya Sharqiya imechemka ikawa nyepesi,
risasi zangu ndefu, chembe mia na themanini na tano,
zilifika zimenyooka.
Januari, alfajiri, koti juu ya kanzu, hewa nzito,
zikaitoboa karatasi kwa ubavu,
tundu refu kama la ufunguo.
Nikasema ni macho. Nikasema ni uzee.
Nikaenda Maskati kununua miwani.

"Ni pia tu," fundi Muhenna aliniambia,
"si mliicheza huko kwenu Mkunazini?
Ukiuvuta uzi kivivu, inayumba, inalala.
Risasi ndefu ni pia ndefu, yataka kuzungushwa kwa hasira.
Mtutu huu ulichongwa kwa risasi fupi,
nawe waulisha zisizo zake.
Mkorofi ni wewe, Bwana Zahran."

Sasa mjukuu wangu Raya anataka bunduki yake.
Fomu ya kuagizia iko mezani, ina mafuta ya halwa pembeni,
na nafasi mbili tupu:
chemba. Msokoto.

Mimi ningejaza saba nukta sita mbili bila kuketi.
Droo imejaa maganda yake, vidole vyangu vinayajua gizani.
"Babu," anasema, "droo haipigi shabaha."
Yeye anataka sita na nusu:
teke dogo begani, na upepo wa bondeni hauisumbui sana.
Nikamwambia mtutu huo huchoka mapema,
baruti nyingi kwenye koo jembamba, lazima koo liungue.
"Ukichoka tutaubadilisha."
Miaka kumi na tisa! Kila kitu kwake hubadilishwa.

Muhenna hakumtetea yeye wala mimi.
Alifungua kiganja. Risasi moja, chembe mia na arubaini,
nyembamba, imechongoka, ndugu ya kokwa ya tende.
"Hakuna anayeshona kofia kabla ya kupima kichwa.
Anzeni na hii. Halafu rudini nyuma mpaka kwenye chuma."

Tukarudi nyuma.
Urefu wake kwa rula, upana wake, mwendo wake,
Raya anaandika, mimi nasahau miwani iko usoni.
Moja kwa nane: kila inchi nane, mzunguko kamili.
"Moja kwa kumi je?" niliuliza. Sijui kwa nini. Ubahili wa zamani.
"Itatosha Julai," akasema Muhenna,
akanitazama mpaka nikatazama chini.
Mashindano ni Januari.

Raya akaijaza fomu kwa wino wa buluu,
nane yake ina tumbo kubwa, kama ya baba yake.

Nami nikanunua pakiti moja ya risasi fupi,
chembe mia na hamsini na tano,
nikaifunga ndani ya kilemba nisiulizwe.

Adhuhuri Shinuna amerudi, nyuzi kwapani,
akauona ufito, akaiona bunduki mapajani mwangu,
akauona mdomo wa mtutu mweusi kuliko ulivyokuwa.
Akaushika wanja wake, akaupima uliobaki kwa jicho.
"Ushampaka wanja," akasema. "Bado hina."